Firigisi ni ya Nani?



Wapendwa wasomaji, katika bwalo letu kuna kengele moja na sufuria moja, lakini waliokaa mezani wametoka kwenye majiko mengi. Mwenzetu wa Bukoba anaweza kumaliza sahani ya ugali kwa maharage, akanawa mikono, kisha akasema kwa dhati kabisa kwamba leo hajala. Kwake yeye, kula ni ndizi. Mwenzetu wa Usukumani akiwekewa ndizi hizo mchana, huuliza chakula kinakuja saa ngapi. Wa Dodoma huungoja mlenda kwa hamu, na jirani yake wa Kilimanjaro huutazama ukivutika kutoka kwenye kijiko, akaukumbuka mtori wa mama yake. Frateri mmoja wa Kimasai alimaliza muhula mzima kabla ya kuonja samaki. Na ndugu yetu wa Mtwara akianza kusifia panya wa porini aliyebanikwa vizuri, meza nzima hukumbuka ghafla kuwa muda wa masomo umefika. (Meza hiyohiyo, kifurushi cha senene kikifika kutoka Bukoba mwezi wa Novemba, hugombania mpaka makombo.)

Tumecheka sana kwa mambo haya, na tutaendelea kucheka. Ila mwaka wa kichungaji ulitutawanya katika parokia mbalimbali, na tuliporudi tukajikuta tunasimuliana habari nyingine za chakula ambazo hazichekeshi. Hizo ndizo tunazotaka kuzungumza nanyi.

Mtu akisema "sisi chakula chetu ni hiki", husema kana kwamba kilishuka pamoja na babu wa kwanza. Sivyo. Mahindi asili yake ni Amerika, na pwani yetu iliyapata kwa njia ya Wareno kuanzia karne ya 16. Muhogo nao umetoka hukohuko. Ndizi zilitoka Asia ya Kusini-Mashariki, zamani zaidi. Ugali wa babu wa babu zetu, kwa sehemu kubwa ya bara, ulikuwa wa mtama, uwele au ulezi. Wazee hao walibadili sufuria zao na hawakuacha kuwa Wagogo au Wahehe. Tunalitaja hili mapema kwa sababu kila tulipogusa suala la chakula vijijini, jibu la kwanza lilikuwa: "Hiyo ni mila, Frateri, haibadiliki."

Chakula hubeba heshima, na heshima mara nyingi humshinda mwenye njaa. Angalieni unga. Dona ni hindi zima, na kiini chake na pumba zake, yaani sehemu zenye vitamini na madini mengi. Sembe limekobolewa, sehemu hizo zimeondolewa, kimebaki cheupe. Lakini mwulize mama yeyote atampikia nini mgeni wake. Dona limepewa sifa ya chakula cha shule na cha magereza. Sembe ni ustaarabu. Dagaa nao wamewekwa kundi la maskini, kiasi kwamba wengi wao husagwa wakawa chakula cha kuku, halafu sisi tunanunua yai la kuku yule kwa bei kubwa na kujiona tumekula vizuri. Mjini mambo yamegeuka kwa namna nyingine: chipsi mayai na soda ni dalili kwamba kijana ameanza kujitegemea, na kitambi bado kinapongezwa kwenye sherehe za ubarikio, ingawa waamini wengi wa rika hilo wanakwenda kliniki ya kisukari na ya presha.

Lakini turudi kijijini, kwa kuku.

Kabla ya kuanza kutembelea familia, tuliagizwa na mapadre wetu kula tutakachowekewa. Ni maelekezo ya Bwana kwa wale sabini na wawili, na ni busara pia, maana kukataa chakula cha mtu ni kumkataa mwenyewe. Tukaenda. Karibu kila nyumba ilichinja kuku. Sebuleni tulikaa sisi, katekista na baba mwenye nyumba. Mapaja yakaletwa mbele yetu, na juu ya yote, katika kibakuli cha peke yake, firigisi. Mama na watoto walikuwa jikoni na shingo, miguu na mchuzi. Watoto wadogo zaidi husimama mlangoni na kuhesabu vipande kwa macho. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone; tulichoona ni kwamba wenyeji wanaopona kwa kawaida ni wale wenye ndevu.

Tusiwahukumu haraka. Firigisi si ulafi wa akina baba. Ni kipande kidogo, hakimshibishi mtu mzima. Ni alama. Humwambia mzee kuwa wewe ndiye uliyebeba nyumba hii, na humwambia mgeni kuwa leo tumekukalisha mahali pa mzee. Kuku akipikwa na firigisi isionekane, katika nyumba nyingine hiyo ni kesi inayoweza kufika kwa wazee wa ukoo. Mila hiyo inafundisha watoto adabu bila hotuba, na sisi wenyewe tumelelewa nayo.

Tatizo ni kwamba alama haikai kwenye firigisi tu. Inashuka mpaka kwenye yai. Katika sehemu nyingi za nchi yetu mama mjamzito huambiwa asile mayai, mtoto atazaliwa bila nywele. Kwa jirani zetu wa Buganda, zamani mwanamke hakula kuku wala mayai kabisa, ingawa yeye ndiye aliyemfuga na kumpika. Ukiyatazama makatazo haya kwa pamoja, utashangaa jinsi yanavyoangukia vyakula vizuri na jinsi yanavyomwangukia mtu yuleyule. Hatujakutana na mwiko unaomkataza baba nyama.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mtu angetegemea hali iwe mbaya zaidi kwenye ukame. Kumbe mkoa unaoongoza ni Iringa, ambako ni zaidi ya nusu ya watoto, na Njombe na Rukwa wanafuata kwa karibu nusu. Hii ni mikoa inayolisha nchi! Malori ya mahindi, viazi na maharage yanatoka huko kila siku. Tulibishana sana juu ya hili baada ya masomo ya jioni. Wengine walisema ni umaskini, basi. Wengine walisema ni mazoea. Waliokaa huko walieleza walichokiona: mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto anabaki na bibi na uji wa mahindi matupu, maharage yameuzwa, mayai yamekwenda sokoni kuleta sabuni na chumvi, na jioni baba anatengewa kwanza. Kwa maoni yetu umaskini upo, lakini hauelezi kwa nini yai moja lililobaki huenda kwa mtu mzima. Na siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba mpaka mtoto afikishe miaka miwili, zikipita, udumavu ule ni vigumu mno kuurekebisha.

Mtakatifu Paulo aliwakemea Wakorintho kwa sababu walipokutanika wengine walishiba na wengine wakabaki na njaa. Tumelisoma fungu hilo darasani kama somo la Ekaristi, na ndivyo lilivyo. Parokiani tulilisikia kwa sauti ya mama mmoja, katika jumuiya ndogo ndogo, baada ya mmoja wetu kueleza habari za mayai na ujauzito. Alisema: "Frateri, hayo kliniki wametuambia siku nyingi. Nikila yai mimi, mama mkwe ataniita mlafi. Lisemeni ninyi kanisani, naye akiwa amekaa pale mbele."

Tulimpelekea paroko maneno hayo. Akakubali jambo hilo liingie kwenye semina ya wanandoa, pamoja na muuguzi wa zahanati, na wakwe waalikwe. Muuguzi alizungumza vizuri, na akina bibi waliuliza maswali mengi kuliko tulivyotegemea. Kuhusu nywele za mtoto, bibi mmoja alikiri, huku wenzake wakicheka, kwamba alikula mayai kwa siri mimba zote tano na hakuzaa kipara hata mmoja.

Ugumu ulikuja kwenye firigisi. Ilipendekezwa kwamba mgeni akifika, watoto waitwe mezani na kipande hicho wapewe wao. Mzee mmoja, mtu wa sala na mkarimu, alisimama akiwa ameshika kofia yake. Akasema mayai ameelewa, wajukuu watakula na mkwe wake atakula. "Lakini hicho kidogo mkimpa mtoto, mimi nyumbani kwangu nitajulikana kwa nini?"

Paroko hakumjibu. Muuguzi naye alitutazama sisi. Mpaka semina inafungwa kwa sala, lile swali lilikuwa bado mezani, na yule mzee alitualika chakula cha Jumapili iliyofuata.