Pampu Inapolia

Mwaka huu nimepewa kazi ya kutunza pikapu ya seminari, gari kuukuu la petroli linalotupeleka vigangoni. Kwa wiki mbili lilitoa mlio mwembamba kutoka nyuma, kama nyuki ndani ya debe. Nikamwambia Padre Gombera kwamba pampu ya mafuta imekwisha, tununue mpya.

Fundi hakuwa na haraka. Alifungua swichi bila kuwasha injini, akasikiliza karibu na tangi. Kisha akaniuliza, “Frateri, huwa unaweka mafuta kiasi gani?”

Nilinyamaza. Kwa miezi mingi nilikuwa nikiendesha taa ya mafuta ikiwaka, nikijisifu kwamba nabana matumizi. Akanieleza kuwa pampu hiyo ya umeme imo ndani ya tangi, na petroli ndiyo inayoipoza na kuilainisha. Mafuta yakipungua mno, inapata joto na kulika. Chujio likiziba, inasukuma kwa shida na kulia zaidi. Alibadilisha chujio, tukajaza tangi. Mlio ulipungua, haukuisha.

Darasani tunajifunza kwa Aristotle kwamba kukijua kitu ni kujua chanzo chake. Mimi nililaumu kilicholia, kumbe chanzo nilikuwa mimi. Jioni nilimweleza Padre Gombera ukweli. Alinirudishia funguo, akasema, “Usingoje taa tena.”

Siku hizi mwenzangu akinung’unika, kabla ya kumhukumu najiuliza: nimemwacha mkavu kwa muda gani?