Reli ya Uani Kwetu Homa Bay

Kaunti ya Homa Bay na jirani yake Migori hazina hata hatua moja ya reli. Njia iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ukingoni mwa ziwa Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence na leo ni Kisumu, wala haikuzunguka kuja huku kusini. Kilichokuja ni meli. Shirika la reli lilikuwa na meli zake ziwani, zikipiga gati Kendu Bay na Homa Bay na kushusha watu na mizigo iliyotoka mabehewani Kisumu. Wapo wazee wa mji huu wanaozikumbuka. Kwa hiyo mtu akiniambia reli haikufika hapa, humjibu kwamba ilifika, ila ilifika ikielea.

Nayasema haya kwa sababu uani kwangu, tangu mwaka jana, pana garimoshi. Binti yangu ana miaka 14. Tulihama naye Mombasa akiwa mdogo, baba yake alipofungua duka la vifaa vya ujenzi mjini Migori. Sisi wengine tunakaa Homa Bay kwa ajili ya shule, naye baba hutujia Alhamisi usiku kwa njia ya Awendo na Rongo. Zamani alikuja na nyama au matunda. Siku hizi huja na waya, vipande vya mabati, na mambo aliyookota kwa mafundi wa jua kali. Mota inayoendesha garimoshi ni ya kifuta-vioo cha gari lililokufa, na inakula moto wa betri ya pikipiki.

Wenye uraibu huu Ulaya na Marekani hununua vitu vilivyokwisha kutengenezwa, na kipimo kinachopendwa zaidi ni kile kinachogawanya kila kitu kwa 87. Binti yangu alianzia kwingine. Reli yetu ya zamani ina upana wa mita 1 baina ya chuma na chuma. Yeye akaziachanisha zake kwa sentimita 4, na tangu hapo kila kitu kikagawanywa kwa 25. Kichwa alichokichagua ni kile kikubwa cha daraja la 59, kilichoundwa na kiwanda cha Beyer, Peacock mjini Manchester katika miaka ya 1955 na 1956. Vilikuwa 34, kila kimoja kikiitwa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Kimoja, Mount Gelai, kimo katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, na huko ndiko alikokiona akiwa na baba yake. Urefu wake ni takriban mita 32. Cha uani kina mita 1 na sentimita 28. Magurudumu ni 28: makubwa 16 ni vifuniko vya mikebe ya dawa ya viatu, madogo 12 ni visoda. Hakulazimisha, vipimo vyenyewe viliangukia hapo, naye alifurahi kana kwamba mikebe hiyo ilimngoja.

Kuunda ni jambo moja, kumfanya mtu akae atazame ni jingine. Video za mwanzo zilikuwa kama za kila mtu: simu juu, garimoshi chini, mduara wa kwanza, mduara wa pili. Waliozitazama ni jamaa zetu, na hata hao, nadhani, kwa kuona haya. Mambo yalibadilika siku alipoichukua mbuzi yangu ya kukunia nazi, niliyotoka nayo Mombasa, akaiegemeza simu kwenye kibao chake. Simu ikawa chini sawasawa na reli, na mlima Asego ukaonekana nyuma. Lile bati la juzi likawa chombo kizito kinachokujia. (Nazi nazo zilingoja mpaka adhuhuri, na siku hiyo tulikula wali mweupe.)

La pili ni mwendo. Kichezeo hukimbia mno, ndiyo maana hakimdanganyi mtu. Garimoshi la kweli likienda kilomita 60 kwa saa, la kipimo chake linapaswa kwenda sentimita 67 tu kwa sekunde. Alichora alama kwa chaki, akashika saa, akapunguza mota mpaka ikalingana. Tena hurekodi asubuhi, baada ya alfajiri, jua likiwa chini na upepo wa ziwa haujaanza kuvuma kwenye simu.

Lakini lililowaleta watu ni swali. Video yake ya kwanza kupendwa inaanza na kona ya reli tupu, na maandishi haya: chombo cha mita 32 kinapindaje hapa? Kisha mkono unakiinua kichwa na kuonyesha kwamba si kitu kimoja. Ni vipande vitatu: injini mbili zenye magurudumu, na pipa la maji ya moto limelala baina yake kama mtu aliyebebwa kwa machela. Kila kipande kinageuka kwa nafasi yake. Mara ya kwanza kikaacha reli, na hilo hakulikata, kikaacha tena, cha tatu kikapita. Mtazamaji amepewa jambo la kungojea, amengoja, amelipwa. Binamu yake wa Likoni alimshauri awe anaviangusha kwa makusudi, maana ajali hutazamwa sana. Alikataa, akasema anguko la kupanga halimfundishi mtu kitu. Sikumwongezea neno.

Mzozo ulikuwa kwingine. Bibi yake, mama yangu, alipiga simu kutoka Changamwe baada ya mtu kumwonyesha. Hakugombea garimoshi. Alichogombea ni mtoto wa kike kuanikwa mbele ya watu asiowajua. Hofu hiyo haikuwa ya ushamba. Wiki ileile mgeni alikuwa ameandika akiuliza tunakaa mtaa gani, eti anataka kununua. Tulikaa kikao, baba yake akiwapo. Akaunti ikawa kwa jina langu. Uso hautoki, jina halitoki, lango la nyumba na sare ya shule havitoki, mikono inatosha. Mlango wa ujumbe wa siri tukaufunga. Palibaki sauti. Baba alisema sauti ya mtoto akieleza elimu haina neno, mimi nilisita, mwenyewe akalimaliza kwa kusema ataandika maelezo, nami niyasome. Ndivyo ilivyo hadi leo: mwandishi yeye, msomaji mimi, na akinisikia nimetamka vibaya ananirudisha mwanzo.

Kisha lilikuja jambo la mlio. Mota ya kifuta-vioo hulia kama mashine ya kusaga, na vyombo hivyo havijapanda na moshi kutoka Makupa kwenda Changamwe kwa miaka mingi. Nikamkumbuka mama. Yeye alikulia chini ya mlio huo. Nilipomuuliza tu, alianza kuueleza: jinsi usiku chombo kilivyokuwa kikipanda mlima na mzigo, injini ya mbele na ya nyuma zikihema pamoja, kisha zikiachana, kisha zikirudi pamoja, na watoto kitandani wakihesabu mpaka wapitiwe na usingizi. Akauigiza kwa kinywa, mzee wa miaka zaidi ya 70. Binti yangu alikuwa kando, machozi ya kicheko yakimtoka, akiomba kwa ishara nimwombe bibi ruhusa turekodi.

Ruhusa ilitoka baada ya siku 3, na masharti yake. Jina lisitajwe. Muziki usitiwe. La tatu alilisema polepole: siku akifa, tuifute.

Video hiyo, garimoshi la bati likipanda tuta la mchanga alfajiri na bibi akihema nyuma yake, ndiyo iliyotazamwa kuliko zote tulizopakia. Binti yangu ameyakubali masharti yote matatu. Juzi tu, tukikunja nguo, aliniuliza kama kufuta ni kufuta hata nakala iliyomo kwenye simu yake, ambayo hamwonyeshi mtu. Swali hilo bado sijalifikisha Changamwe.