Imejiwasha yenyewe

Saa nane usiku, mwezi Machi, baba mmoja wa Muze aliamshwa na sauti za watu wakizungumza sebuleni kwake. Akatoka chumbani bila viatu. Televisheni ilikuwa inawaka, na mbele yake amesimama mwanawe wa tatu, mwenye umri wa miaka tisa, rimoti mkononi.

"Nani kawasha?"

"Imejiwasha yenyewe, baba."

Jibu hilo ndilo lililomponza. Nyumbani hapo siku za shule hakuna televisheni baada ya chakula cha usiku. Kuvunja amri ni kosa moja, kudanganya ni kosa jingine, na baba huyo amekua akiambiwa kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Alimchapa fimbo nne. Kila fimbo mtoto alirudia maneno yaleyale: imejiwasha yenyewe. Mwishowe baba alichoka, akamwamuru akalale.

Si baba mkatili. Televisheni ile ya inchi 32 aliinunua kwa fedha ya mpunga. Muze iko bondeni, chini ya ukingo wa Lyamba lya Mfipa, upande wa Ziwa Rukwa, na anayelima mpunga huko anajua jasho lililomo ndani ya gunia moja. Aliogopa chombo kuharibiwa, na zaidi aliogopa kulea mwongo.

Wiki mbili baadaye, saa nne asubuhi, watoto wote wakiwa shule, mama alikuwa uani anapepeta mchele. Akasikia muziki ndani. Alipoingia, televisheni inawaka. Akaizima. Kabla hajafika mlangoni ikawaka tena, ikazima, ikawaka.

Jioni alimweleza mumewe. Mume akasema huenda alibonyeza vibaya.

"Haya, baba watoto," mama akajibu. "Na mimi utanichapa?"

Baba hakujibu. Jirani mmoja aliposikia habari hizo alishauri watafute mtu wa kuangalia nyumba, maana vitu haviwaki usiku bila mkono wa mtu. Bibi, aliyekuwa ameshuka kutoka juu Ufipa kuwasaidia mavuno, alicheka sana. "Mchawi gani huyo," aliuliza, "anayeacha kazi zake usiku aje kutazama taarifa ya habari?"

Lakini kulikuwa na jambo ambalo halikumchekesha mtu. Yule mtoto, aliyezoea kumfuata baba yake shambani kwa maswali, alianza kumjibu kwa maneno mawili tu: "ndiyo baba" na "hapana baba." Alipopoteza daftari, alimwambia mama. Alipokanyaga bati kisimani, hakumwambia mtu yeyote. Mama aliligundua jeraha siku ya tatu, mguu umeshavimba.

"Mbona hukusema?" mama aliuliza.

"Mngesema nimejikata mwenyewe makusudi."

Mama hakuyafikisha maneno hayo kwa mumewe siku hiyo. Aliyahifadhi.

Juni ilipofika, shule zikafungwa, mpunga ukauzwa. Baba akaamua kuipeleka televisheni kwa fundi Sumbawanga. Akaifunga ndani ya blanketi na kuikaza kwa kamba. Alipokuwa anatoka, mama akamwambia ampeleke na mtoto.

"Wa nini?"

"Yeye ndiye anayeijua."

Gari la abiria lilipanda kona za mlima taratibu. Sumbawanga iko juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Juni baridi yake si ya kuchezea kwa mtu aliyezoea joto la bondeni. Mtoto alivaa sweta la dada yake. Njia nzima hawakuzungumza.

Fundi alikuwa mzee mtulivu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mtoto alimwamkia, naye akaitikia marahaba bila kuinua macho. Kabla ya kufungua chochote alianza na maswali. Inajizima baada ya muda gani? Taa nyekundu ya mbele inabaki au inapotea? Inasumbua zaidi ikiwa baridi au ikishapata joto?

Baba alikohoa. Hakuwa na jibu hata moja.

"Ikiwashwa asubuhi ndiyo inasumbua," mtoto akasema kwa sauti ndogo. "Inawaka, inazima, inawaka, mara nyingi. Taa nyekundu inapepesa. Ikikaa muda mrefu inatulia kidogo."

Fundi akavua miwani, akamtazama. "Endelea, kijana wangu."

"Na umeme ukikatika ukarudi, inawaka yenyewe. Usiku ule feni ilisimama, nikaamka kwa joto. Umeme uliporudi, nikasikia watu wanaongea sebuleni. Nilikwenda kuizima ili baba asiamke."

Baba aliangalia chini, kwenye sakafu iliyojaa vipande vya waya.

Fundi aliiunganisha televisheni. Kwa baridi ile haikuchukua muda kujionyesha: ikawaka, ikazima, ikawaka, na taa nyekundu ikapepesa kama mtoto alivyosema. Akaichomoa, akafungua mgongo wake, kisha akawaonya wasiguse. Ndani ya televisheni, alisema, kuna kapasita kubwa inayoweza kubaki na umeme wa zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa ukutani. Ndiyo maana kazi hii haifanywi nyumbani kwa bisibisi ya kuazima.

Alipokwisha kuuondoa umeme huo, aliwaita wasogee. Kwenye bodi ya umeme kulikuwa na vikopo vidogo vilivyosimama kwa mstari. Vingi vilikuwa na vichwa bapa. Viwili vilikuwa vimevimba juu.

"Hao ndio wachawi wenu," alisema.

Akaeleza polepole. Umeme wa ukutani ni wa volti 230, na ndani ya televisheni hushushwa mpaka volti chache tu. Kazi ya kapasita ni kuutuliza. Ni kama pipa lililowekwa chini ya bomba linalotoa maji kwa kushtukiza: pipa likiwa zima, anayechota chini hajui kama bomba lilikatika. Pipa likichoka, kila mkatiko unamfikia. Ubongo wa televisheni hukosa umeme kwa kitambo kidogo, huzima, kisha huanza upya. Ikiwa baridi, kapasita iliyochoka hufanya kazi vibaya zaidi.

Akang'oa zile mbili, akaweka mpya zenye maikrofaradi sawa na volti zisizopungua za mwanzo, akihakikisha upande wa hasi umekaa mahali pake. Mtoto alimshikia tochi. Televisheni ilipowashwa, ilikaa kimya kwa saa nzima bila kupepesa. Bei ya kapasita zile ilikuwa ndogo kuliko nauli.

Fundi akawapa na ushauri wa bure. Siku nyingine, kabla ya kufunga safari, watoe kwanza betri za rimoti, maana kitufe kilichonasa huwasha na kuzima bila mtu. Wajaribu soketi nyingine bila kupitia kebo ya kuunganishia. Wachunguze kitufe cha kwenye televisheni yenyewe, na waangalie kama saa ya kujizima haikuwekwa kwenye mipangilio. Usiku na wakati wa radi, waichomoe ukutani. Isipopona kwa hayo, waje.

"Na mje na huyu," aliongeza. "Asingekuwapo, ningeipima nusu siku nzima."

Kwenye gari la kurudi, baba alikaa na televisheni mapajani. Ukweli ulikuwa umekuwapo sebuleni kwake tangu Machi, na angeupata bila kumlipa mtu, kwa kuuliza swali moja zaidi: umejuaje? Gari lilitembea kitambo kirefu kabla hajafungua mdomo.

"Usiku ule ulisema kweli," alisema. "Nilikosea kukupiga. Nisamehe."

Mtoto alitazama dirishani. Wazazi wengi hutarajia kwamba neno samahani likishatoka, mtoto atacheka papo hapo na mambo yaishe. Huyu hakucheka.

"Mama naye alikwambia," alisema.

"Aliniambia."

"Hukumwamini."

"Sikumwamini."

Kimya kikarudi. Uwanda ulikwisha, gari likaanza kushuka kona, na joto la bonde likaingia madirishani. Mtoto akavua sweta. Kisha akainama, akavua kiatu cha kulia, akauinua mguu hadi karibu na goti la baba yake ili aone kovu refu lililokatisha unyayo.

"Nilikanyaga bati kule kisimani," alisema. "Iliuma sana, baba."

Baba akaishika televisheni kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akaushika mguu.

"Nieleze," alisema. "Ilikuwaje?"