Meno Manne Yaliyopungua

Anayeijua barabara ya Mombo kwenda Lushoto haelezwi breki ni nini. Ni lami nyembamba, kona juu ya kona, mlima upande mmoja na korongo upande wa pili, na masika yakianza maji hukatiza njia. Huko ndiko ninakopatia riziki, nikibeba abiria kwa Corolla ya mwaka 2002 ambayo bado naitolea marejesho kwenye kikundi.

Sivii joint ya mbele kushoto, kile kiungo cha shafti kinachozungusha gurudumu, ilipoanza kugonga kwenye kona, fundi alinitajia bei iliyonizidi. Nikanunua ya mtumba dukani, mimi na mdogo wangu tukaifunga wenyewe uani. Mabomba ya breki hatukuyagusa, kwa hiyo hakuna hewa iliyoingia. Ule mlio ukakoma. Tukalitoa gari kulijaribu. Nyuma ya lori nikakanyaga breki taratibu tu. Pedeli ikatetemeka chini ya kiatu, trrr, na gari likaendelea kuserereka kama halijasikia. Nilikanyaga tena kwa nguvu zote ndipo likasimama. Punde taa ya njano ya ABS ikawaka.

Kwenye mfumo wa ABS kila gurudumu lina sensa, na mbele yake inazunguka pete ya meno. Kompyuta huhesabu meno yanayopita. Ukishika breki ikaona gurudumu moja linapungua mwendo kuliko mengine, hudhani limekaba, hivyo hulilegezea breki lisiteleze. Ikidanganyika kwenye lami kavu, inakunyang'anya breki unayoihitaji. Taa ikishawaka mfumo huo hujitoa na breki za kawaida hubaki. Shida ni kwamba ukizima gari na kuwasha, kompyuta inaanza upya, na ile hatari inarudi hadi taa iwake tena.

"Dada, hiyo ni taa tu," fundi mmoja aliniambia. "Tuchomoe balbu uendelee na kazi." Magari yaliyochomolewa balbu yapo, na mengine hushuka mteremko wa Soni nyuma yangu. Nililiegesha langu. Ili marejesho yasilale nikashinda gulioni nikiuza karoti za dada yangu, na hata hivyo hayakutimia. Kikundi kikanipiga faini. Wenzangu wa stendi walinicheka kwamba nimeacha kazi kwa sababu ya taa.

Usiku tulihangaika na gari. Tuliunganisha tundu la 4 na la 13 kwenye soketi ya kupimia kwa kipande cha waya, taa ikaanza kusema: ikapepesa mara tatu, ikanyamaza, ikapepesa mara mbili. Namba 32, sensa ya mbele kushoto. Wengi wangekimbilia kununua sensa. Nikaazima mita, nikapima ya kushoto na ya kulia: ukinzani uleule. Mdogo wangu akazungusha usukani huku nikiutikisa waya, maana waya hukatika ndani ya ganda lake bila kuonekana. Mita haikuyumba.

Korogwe yuko mzee mmoja fundi umeme mwenye mashine ya kupimia. Alipanda nami, akanituma nishike mwendo wa 60 bila kuongeza wala kupunguza, macho yake kwenye kioo cha mashine. Magurudumu matatu yalisoma 60. La mbele kushoto lilisoma 55.

"Sensa yako haiumwi, mwanangu," akasema. "Inahesabu kinachopita mbele yake. Nenda kahesabu meno."

Tukapiga jeki. Nikatia alama ya chaki kwenye jino moja, mdogo wangu akazungusha polepole, nami nikihesabu kwa sauti, nikarudia kwa kuogopa kuchanganya. Kulia 48. Kushoto 44.

Pete ile ilikuja na sivii joint ya mtumba. Muuza spea aliapa ni ya Corolla, na kwa umbo hakukosea: iliingia kwenye shafti na habu bila kulazimishwa. Nilipomhesabia meno mbele ya wateja wake alikubali kubadilisha, kwa nyongeza ya pesa kidogo. Tuliyofunga safari hii tulianza kuihesabu meno palepale kaunta. Tukafuta ile namba kwa kukanyaga pedeli harakaharaka huku waya ukiwa kwenye soketi, na alhamdulillahi taa ikazimika, haijawaka tena. Nilishuka Soni mara ya kwanza bila abiria, nikishika breki kila kona, hata zile zisizohitaji. Jioni nikapeleka faini ya kikundi. Mweka hazina akaniuliza kama kesho asubuhi nina nafasi ya mtu mmoja kwenda Mombo.