Takaba na Treni Isiyogusa Njia

Siku ya tatu tangu tuiage Mombasa tuliwasili Takaba, katika kaunti ya Mandera, nguo zetu zikiwa zimegeuka rangi kwa vumbi. Baada ya sala ya isha tuliketi na wenyeji wetu nje ya msikiti, chai ya maziwa ya ngamia ikizunguka.

Kijana mmoja alitoa simu yake atuonyeshe treni ya Japani iendayo bila kugusa njia. Tukamweleza kwamba sumaku zenye nguvu huinyanyua na kuisukuma mbele, na kwa kuwa hapana gurudumu lisuguanalo na chuma, mwendo huwa mwepesi mno. Aprili 2015, katika majaribio, ilifikia kilomita 603 kwa saa. Treni yetu ya Mombasa na Nairobi, iliyoanza mwaka 2017, huenda 120 hivi.

Kijana akauliza: "Sheikh, aipandaye atapunguza sala, ilhali hachoki?"

Tukamjibu kuwa katika madhehebu yetu ya Shafii hukumu hufuata masafa, si uchovu. Akiyatimiza, hata kwa kufumba na kufumbua, yeye ni msafiri. Lakini ile ya Shanghai, ibebayo abiria tangu mwaka 2004, njia yake ni kilomita 30 tu. Aliyekusudia hiyo pekee hapunguzi.

Mzee mmoja aliyekuwa kimya akauliza: "Na husimama wapi?"

Tukasema ile ya Shanghai ina vituo viwili tu, mwanzo na mwisho.

"Basi walio katikati huiona ikipita," akasema.

Tulikumbuka reli iliyokusudiwa kutoka Lamu kupitia Garissa hadi Isiolo, katika mradi uliozinduliwa Machi 2012. Haijajengwa, na hata ingejengwa, Takaba haimo njiani mwake.

Mzee akaendelea: "Nyinyi masheikh hupima safari kwa masafa. Sisi huipima kwa mgonjwa: atafika, au hatafika."

Hatukuwa na la kumjibu. Alfajiri tuliondoka, gari likijikongoja mchangani.

Ndugu zetu wa pwani, tulio na lami na reli, tusiwasahau wenzetu hawa katika dua na katika madai yetu. Kila tusikiapo habari ya chombo kipya chenye kasi, tuulize kwanza kama alivyouliza mzee wa Takaba: husimama wapi?

Wabillahi tawfiq.