Kabla ya Kumlaumu Msomaji, Kagua Waya



 Ndugu Waislamu, wazazi na wanafunzi wetu, leo naomba niwasimulie kosa langu mwenyewe, huenda likamzuia mwingine asilirudie.

Mimi ni maalim wa madrasa hapa Busia, upande wa Uganda. Madrasa zilipofungwa pamoja na shule mwezi wa Machi 2020 kwa ajili ya korona, nilianza kusomesha tajwidi kwa njia ya mtandao. Shule za Uganda zilikuja kufunguliwa kikamilifu Januari 2022, lakini baadhi ya wazazi wa Tororo wakaniomba niendelee baada ya Isha, kwa kuwa nauli ya kuja Busia kila siku ni mzigo. Nikakubali.

Miongoni mwa wanafunzi hao alikuwapo binti wa miaka 14, mwenye bidii na adabu. Siku moja alisoma Suratul-Faatiha. Kama mjuavyo, katika neno lake la mwisho mna madda ya lazima inayovutwa kwa harakati 6. Yeye mimi nilimsikia akivuta kama tatu hivi. Nikamrudisha. Akasoma tena, ikawa ni vile vile. Somo la pili likawa hivyo, na la tatu pia, na ghunna zake nazo nikazisikia zikififia katikati. Nikampigia mama yake simu nikamwambia, "Mama, mtoto hadurusu. Anacheza."

Mama akasikitika, na binti, nilivyoambiwa baadaye, alilia usiku ule. Wiki iliyofuata hakuingia darasani.

Jumamosi moja mama akapanda gari na bintiye wakaja hadi kwangu. Akaniambia kwa heshima, "Maalim, naomba umsikilize ana kwa ana." Binti akakaa mkekani akasoma. Wallahi, madda ilikuwa timamu, harakati 6 bila kupungua, na ghunna imekaa mahali pake. Nilitamani ardhi inimeze.

Mtaniuliza, kwa nini sikuushuku mtandao mapema? Ni kwa sababu kila asubuhi nilikuwa nikisikiliza kwenye kompyuta ile ile kisomo cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, msahafu mzima aliourekodi mwaka 1961, na sauti ilikuwa safi kabisa. Nikajisemea, mtandao wangu ni mzima, basi aliye na kosa ni mtoto.

Niliposhuku, nilikosea mara ya pili. Muuzaji mmoja aliniambia dawa ni waya maalumu wenye ncha za dhahabu, ambao "huitakasa sauti". Bei yake ilikaribia karo ya muhula ya mwanangu. Nikanunua mita mbili, nikaunganisha spika. Haikubadilika hata chembe. Pesa imekwenda, na ugonjwa upo pale pale.

Aliyenifumbua macho ni kijana niliyemsomesha Juzuu Amma zamani, ambaye siku hizi ni fundi wa mitandao. Alinieleza hivi. Sauti inayopita kwenye intaneti husafiri kama tarakimu zilizogawanywa katika vifurushi vidogo vidogo. Ukisikiliza kisomo kilichorekodiwa, kifurushi kikipotea kompyuta hukiomba tena, na kwa kuwa imeshaweka akiba ya sekunde kadhaa mbele, wewe hutambui kitu. Ndiyo maana al-Husary alinifikia kamili. Lakini mazungumzo ya moja kwa moja hayana nafasi ya kungoja. Kifurushi kilichochelewa hutupwa, na programu huziba pengo kwa kukisia. Mara nyingine huinyoosha sauti au kuifupisha kidogo ili ifidie ucheleweshaji. Zaidi ya hayo, programu nyingi zina kichujio cha kuondoa kelele, nacho huweza kuiona sauti ndefu isiyobadilika kuwa ni mvumo wa feni, kikaipunguza. Na madda ni nini ila sauti ndefu isiyobadilika? Na ghunna ni nini?

Tukakagua nyumba. Ruta ilikuwa sebuleni nyuma ya kabati la chuma, na chumba ninachosomeshea kiko nyuma, kuta tatu mbele, tena kimeezekwa na kugawanywa kwa mabati. Mawimbi ya waifai hayapendi chuma. Vifurushi vingi vilikuwa vikipotea humo humo nyumbani mwangu, kabla hata ya kuifika barabara ya Tororo.

Tulichofanya ni kidogo. Tulinunua waya wa kawaida wa mtandao, aina ya Cat5e, tukaupitisha ndani ya bomba la plastiki kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta, mbali na nyaya za umeme. Kisha tukazima kile kichujio cha kelele, kwangu na kwa mwanafunzi, naye nikamwomba akae karibu na ruta yao. Basi. Somo lililofuata nikahesabu harakati zote 6.

Kwa familia zinazotaka kufanya hivyo, iwe ni kwa darasa, kwa kusikiliza kisomo au kaswida, nawausia haya:

Kwanza, msinunue waya wa bei ya kutisha. Kisomo cha kilobiti 128 kwa sekunde ni tone tu kwa Cat5e, ambayo hubeba zaidi ya mara elfu saba ya hicho. Waya ama umefikisha tarakimu ama haukufikisha. Hauipambi sauti.

Pili, ulizeni kama waya ni shaba tupu. Upo wa alumini iliyopakwa shaba, nao hukatika upesi. Kipande kimoja kisizidi mita 100.

Tatu, msivute waya wa shaba kutoka nyumba hadi nyumba bila kinga ya radi. Tororo yetu ilirekodiwa kuwa na wastani wa siku 251 za radi kwa mwaka kati ya 1967 na 1976. Mawingu yakikusanyika, chomoeni.

Nne, sisi wa mpakani tuangalie simu zetu. Mara nyingi hushika mtandao wa ng'ambo ya pili, ukadhani intaneti ni mbovu kumbe uko Kenya hujavuka.

Lakini nasaha yangu kubwa siyo ya waya. Katika Suratul-Hujuraat, aya ya 6, tumeamrishwa tuhakikishe habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Aya hiyo nimeisomesha miaka mingi, na sikudhani kwamba spika ya kompyuta nayo inaweza kuniletea habari isiyo ya kweli.

Nilikwenda Tororo, nikamwomba binti msamaha mbele ya mama yake. Akainama akasema, "Nimekusamehe, Maalim." Kisha akauliza, "Tuendelee na Suratul-Baqara?" Tunaendelea nayo mpaka leo, alhamdulillah.

Wabillahi tawfiq.