Kabla ya kupanda Kitonga, sikiliza gia inavyoingia

Safari ya Dar es Salaam hadi Iringa huanza kwa upole. Hadi Morogoro barabara ni tambarare. Mbele kidogo unaingia Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ambako lami hukatiza mbugani kwa takriban kilomita 50 na watoto hushindana kuhesabu twiga na pundamilia. Ukishaupita mji wa Mikumi, unashuka kwenye bonde la joto lenye mibuyu mikubwa hadi Ruaha Mbuyuni, penye vitunguu vilivyopangwa kando ya barabara. Kisha unaikuta Kitonga.

Kitonga ni mlima wa kona kali, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Malori ya mizigo yaendayo Mbeya na Zambia hupanda polepole mno, na moja likikwama, foleni huwa ndefu. Gari la otomatiki hapo hupata shida yake: linasogea kidogo, linasimama, linaondoka tena, na oili ya gia boksi inazidi kupata moto. Gari lililokuwa likitoa kishindo kidogo nyumbani kila ukiweka D au R linaweza kugoma katikati ya mlima, lori likiwa nyuma yako na watoto wakiwa ndani.

Kwa hiyo kishindo hicho kishughulikiwe wiki mbili kabla ya safari. Wapo mafundi ambao wakisikia tu gari linashtuka, husema gia boksi imekufa, nunua nyingine ya mtumba. Inaweza kuwa kweli, lakini hilo ni la kufikia mwisho. Anza na yasiyo na gharama kubwa.

Kwanza, tazama mzunguko wa injini. Asubuhi injini ikiwa ya baridi huzunguka kwa kasi, na gia ikiingia wakati huo gari hushtuka kidogo. Subiri mshale ushuke. Injini ikishapata moto, magari mengi hukaa kati ya mizunguko 600 na 800 kwa dakika. Ikibaki juu ya 1,000, huenda gia boksi haina kosa. Throtoli imechafuka au kuna mpira unaovujisha hewa.

Pili, kagua maunti, yaani raba zinazoshikilia injini na gia boksi. Gari likiwa mahali tambarare, vuta breki ya mkono, kanyaga breki kabisa, fungua boneti. Mwenzako asimame pembeni, kamwe asikae mbele ya gari, na watoto wawe mbali. Peleka gia R, kisha D, bila kukanyaga mafuta. Injini ikiruka kama inataka kutoka, huenda kishindo kinatokana na raba zilizochoka.

Tatu, pima oili ya gia boksi, ile ambayo mafundi wengi huiita haidroliki. Fuata kitabu cha gari: Toyota nyingi zenye kijiti cha kupimia hupimwa injini ikiwa moto na ikiunguruma, Honda nyingi hupimwa mara tu baada ya injini kuzimwa. Gari lisilo na kijiti lipimwe na fundi, likiwa limenyanyuliwa sawasawa. Oili iliyogeuka kahawia iliyokolea na kunuka kuungua ni dalili mbaya. Ikipungua, tafuta inakovujia. Usikubali kuwekewa aina yoyote iliyopo dukani. Gari la CVT, kwa mfano, lina oili yake, na kosa hilo linaweza kuharibu gia boksi nzima.

Nne, ukiweka D gari likakaa sekunde mbili au tatu, halafu likaruka mbele, huenda presha ya oili haitoshi. Filta inaweza kuwa imeziba, solenoidi au vali bodi ina hitilafu, au klachi za ndani zimelika. Fundi aunganishe mashine asome kompyuta ya gari kabla ya kufungua chochote. Hapo ahirisha safari au pandeni basi.

Gari likishapona, bado Kitonga inataka adabu. Pumzikeni Ruaha Mbuyuni, injini ipoe kidogo. Mlimani weka 2 au L ili gia isibadilike kila mara, na acha nafasi na lori la mbele. Foleni ikisimama, lishikilie gari kwa breki. Kulizuia kwa kukanyaga mafuta huchemsha oili haraka. Taa ya joto la gia boksi ikiwaka, tafuta mahali salama pa kuegesha, weka P na uache injini iungurume ili oili ipoe. Wakati wa kurudi, teremka ukiwa kwenye gia ndogo hiyohiyo ili breki zisipate moto.

Baada ya kona za mwisho hewa hubadilika kuwa baridi, na mbele ni Ilula, penye matenga ya nyanya. Egesha hapo, weka P, watoto wanyooshe miguu. Mkitaka kuondoka, weka D na usikilize. Ikiingia kimya kama ilivyoingia nyumbani asubuhi, nunueni nyanya mwendelee na safari. Iringa si mbali tena.